Kidole Kidogo cha Mkono wa Kushoto: Mwongozo kwa Wanaoandika kwa Kompyuta Mjini Lubumbashi

Kabla hujaendelea kusoma, ndugu msomaji, weka mikono yako juu ya kibodi, au klavye kama tuiitavyo hapa kwetu Lubumbashi, vidole vinne vya kushoto na vinne vya kulia vikilala juu ya safu ya katikati kama inavyofundishwa, kisha utazame kidole chako kidogo cha mkono wa kushoto kimeangukia herufi gani. Kimeangukia Q. Tafuta sasa, katika Kiswahili chote ulichokipata kwa mama yako, neno moja lenye Q ndani yake, nawe hutaliona. Maana kibodi hii tuliyoirithi kwa njia ya Ubelgiji, ambayo safu yake ya juu huanza kwa A, Z, E, R, T na Y, ilipangwa kwa ajili ya watu wenye kuandika Kifaransa, wala haikufikiriwa lugha ambayo karibu kila silabi yake huishia kwa irabu. Irabu zetu tano zote zimewekwa katika safu ya juu, hata moja haikubaki katikati ambako vidole hupumzika. Na A, tuitumiayo kuliko herufi nyingine yoyote, imetupwa pembeni kabisa, ikawa juu ya kidole kilicho mnyonge wa vidole vyote kuifuata huko iliko.

Tena haikuishia hapo. W nayo iko chini kabisa pembeni upande huo huo, katika milki ya kidole hicho hicho, hata kila uandikapo "wa", neno dogo ambalo Kiswahili hakiwezi kwenda hatua kumi bila ya kulitamka, kidole kidogo hushuka hadi safu ya chini, kisha hupanda hadi safu ya juu, kikiiruka Q isiyo na kazi. Andika "wanafahamiana": herufi 13, na katika hizo A ni 6. Sikusudii kwa maneno haya kuwalaumu waliotangulia, ila nataka ujue kwamba uchovu uusikiao mkononi jioni, ukashindwa hata kufungua kifuniko cha chupa, si uvivu wala si uzee. Una asili yake, na maadamu una asili unaweza kutengenezwa kwa vitu vilivyomo nyumbani mwako.

Mwaka uliopita, katika miezi ile ya kiangazi ambayo wanafunzi wa Chuo Kikuu huhangaika kumaliza kazi zao za mwisho, niliingia katika kimojawapo cha vibanda vya bureautique vilivyoko upande wa Kasapa, mahali ambapo mwanafunzi huleta kurasa zake za mkono naye mpiga chapa humgeuzia kuwa kitabu. Msichana aliyekuwa akiandika alikuwa amejifunga kitambaa cha kitenge katika kifundo cha mkono wa kushoto, akakikaza kwa meno yake mbele yangu, akaendelea na kazi. Nikamwuliza kulikoni. "Papa," akasema bila ya kuinua macho, "mukono yangu njo inaniuma, usiku sana." Nikakaa kando nikamtazama. Kiti chake kilikuwa cha plastiki, kifupi, na meza ilikuwa meza ya kulia chakula, hata mabega yake yalikuwa yamepanda karibu na masikio kama ya mtu aliyeshikwa na baridi. Vifundo vyake vilikuwa vimekita juu ya ncha kali ya ubao, kama miti miwili iliyochimbiwa, na kwa kuwa kifundo kimekita, kila A ilipohitajika mkono haukwenda, kilikwenda kidole peke yake, nao mkono ukapindika kwa nje kumfuata mnyonge wake. Mara mia, mara elfu, tangu asubuhi hadi magharibi. Na kile kitambaa, alichodhani kuwa ni dawa, kilikuwa kikibana pale pale palipokwisha kubanwa.

Jambo hili si geni duniani. Tabibu wa Kiitalia, Bernardino Ramazzini, aliyetoa mwaka 1700 kitabu chake mashuhuri juu ya maradhi ya mafundi, kisha akakipanua mwaka 1713, aliwaangalia makarani wa zama zile za unyoya na wino, akasema kwamba madhara yao hutokana na mambo matatu: kukaa kitako pasi na kuinuka, mwendo wa mkono usiokoma wala kubadilika, na juhudi ya akili yenye kuchelea kukosea hesabu. Zaidi ya miaka mia tatu imepita, na mtu akitaka kueleza taabu za yule msichana wa Kasapa hana haja ya kuongeza la nne, ila umeme.

Basi tuanze na kukaa. Usiulize kiti kizuri kinauzwa wapi na kwa bei gani. Uliza kiwiko chako kiko juu kiasi gani. Kaa mgongo ukiegemea, uachilie mikono ining'inie kwa uzito wake, kisha ukunje viwiko mpaka vifanye pembe kama ya mlango uliofunguliwa nusu, na pale viganja vilipofikia ndipo kibodi inapotakiwa kuwa. Meza nyingi za chakula zina kimo cha sentimita 75 hivi, nazo kwa mtu wa kimo cha kawaida aliyekaa kiti cha plastiki huwa juu mno. Kukata miguu ya meza ni hasara, na mama wa nyumba hatakubali. Inua kalio lako badala yake, kwa blanketi lililokunjwa likawa gumu, si kwa mto laini unaodidimia na kukurudisha ulikotoka. Ukiisha kuinuka utaona kwamba miguu inaning'inia, na ukingo wa kiti unabana mapaja kwa chini, na hapa ndipo tofali la Lubumbashi linapofaa: yale matofali ya kuchoma, ambayo mengi yametokana na udongo wa vichuguu vikubwa vilivyouzunguka mji wetu, weka mawili chini ya nyayo, nawe utasikia mgongo ukitulia.

Matofali hayo hayo yana kazi ya pili. Kioo cha kompyuta kinatakiwa kiwe mbali kwa urefu wa mkono ulionyooshwa, yaani sentimita 50 hadi 70, na ukingo wake wa juu uwe sawa na macho au chini yake kidogo. Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 5 hivi, na shingo hukichukua kwa wepesi maadamu kiko wima. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo hukivuta kama mtu avutaye ndoo kisimani, na mtu hawezi kuvuta ndoo saa nane mfululizo. Hapo ndipo ilipo ila ya kompyuta za mkononi, kwamba kioo na kibodi vimeungwa kama mapacha: ukiweka kimoja mahali pake, kingine hukosa pake. Kwa hiyo, kama una fedha ya kununua kitu kimoja tu mwaka huu, usinunue kiti wala meza. Nunua kibodi ya pekee, uichomeke, kisha kompyuta yenyewe uipandishe juu ya matofali manne yaliyofunikwa kwa kitambaa, ukiacha nafasi kwa chini ili feni yake ipumue. Rai yangu juu ya jambo hili ni thabiti, kwa kuwa nimewaona waliotumia fedha nyingi kwa kiti cha ofisi chenye magurudumu, wakaendelea kuinamia kompyuta yao kama wanaotafuta sindano.

Kuhusu mkono, fundisho ni moja na ni gumu kulizoea: kifundo kisikite. Kielee juu ya kibodi kama mkono wa mpiga kinanda, na kidole kidogo kikihitaji A au W, mkono mzima uende nacho, kuanzia kiwikoni, badala ya kukituma peke yake. Vile vijiguu viwili vilivyo nyuma ya kibodi, ambavyo kila mtu huvisimamisha kwa kudhani ndiyo adabu yake, vikunje. Kwani vikisimama, kiganja hulazimika kupindika kwa juu, na kwa kuwa irabu zetu zote ziko safu ya juu, mwandishi wa Kiswahili hupindika kuliko jirani yake wa Kifaransa. Wala usigonge. Kitufe cha kompyuta hakihitaji nguvu ila kidogo sana, lakini wengi wetu tulifundishwa na watu waliofundishwa juu ya mashine za chuma, tukairithi nguvu yao bila ya kuirithi mashine.

Nami naona inafaa nizikumbuke mashine hizo kwa dakika moja. Kuandika Kiswahili kwa mashine ni kazi ya siku nyingi katika mji huu: mwaka 1965 André Yav aliitunga, kwa niaba ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya Elisabethville, kama mji wetu ulivyoitwa zamani, kwa Kiswahili cha hapa hapa, nayo ikapigwa chapa. Katika zama hizo kila mstari ulipokaribia mwisho kengele ililia, na mkono ukainuka kutoka kwenye vitufe kulirudisha gari la karatasi. Ukurasa ulipoisha mtu alichomoa karatasi, akapanga kaboni, akaingiza nyingine. Mwili ulipumzishwa na chombo chenyewe, bila ya mwenye mwili kujua. Kompyuta imeziondoa kengele hizo zote, na mtu aweza kuandika saa nne bila ya mkono wake kutoka mahali pamoja. Kwa hiyo sharti uitengeneze kengele yako. Kila ukimaliza aya, inua mikono, iachilie ining'inie, fungua na ufumbe viganja mara tano. Kila baada ya nusu saa simama, hata kama ni kwenda mlangoni tu kumsalimu apitaye.

Na ikiwa mkono umekwisha kuuma? Tambua kwanza ni wapi. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati, inayokuamsha usiku ukataka kuukung'uta mkono, ni ishara ya kubanwa kwa mshipa wa fahamu upitao ndani ya kifundo pamoja na kano tisa za vidole katika njia nyembamba. Ganzi ya kidole kidogo, kinyume chake, aghalabu hutoka kwenye kiwiko, kwa kukiegemeza juu ya ncha ya meza, na dawa yake ya kwanza ni kuacha kuegemea na kufunika ncha hiyo kwa kitambaa. Usijifunge kwa kukaza. Tena usidhani kila ganzi imeletwa na kompyuta, maana wajawazito na wenye kisukari huipata pasi na kugusa kitufe; ikiendelea wiki mbili au tatu, au ukiona vitu vinakuponyoka mkononi, mwendee daktari kabla misuli ya chini ya kidole gumba haijasinyaa.

Swali niulizwalo mara nyingi kuliko yote ni hili: ikiwa kibodi ya Kifaransa inatutesa hivi, je, tuhamie ile ya Kiingereza, ambayo A yake iko katika safu ya katikati? Kompyuta zilizotumika zinazoletwa kutoka Dubai, au zinazopitia mpaka wa Kasumbalesa kutoka Zambia, nyingi zina mpango huo, na mtu huweza kujikuta ameimiliki bila ya kukusudia. Jibu langu hutegemea wiki yako inavyokwenda. Ikiwa unaandika Kifaransa siku tano kwa ajili ya ofisi au masomo, na Kiswahili siku ya sita, baki ulipo, kwa kuwa é, è, ç na à ziko tayari chini ya vidole vyako, na hata ile alama ya "ng'ombe" huipata kwenye kitufe cha 4 bila ya kubonyeza kingine. Lakini ikiwa kazi yako hasa ni Kiswahili, kama watangazaji, wahubiri na wafasiri wengi walivyo, nakushauri uhame, uhame mara moja, wala usiwe mtu wa nyumba mbili. Kwani zile siku za kuchanganya ndizo zenye kuchosha akili kuliko uhamaji wenyewe.

Sababu yake iko katika ubongo, nayo ni ya ajabu kidogo. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, huko Marekani, waliwapa watu 100 wenye kuandika upesi picha ya kibodi tupu wakawataka waijaze herufi mahali pake. Watu hao, ambao vidole vyao hukosea mara chache tu, waliweza kuziweka kwa usahihi herufi 15 tu kwa wastani. Mahali pa A hapakai katika ile sehemu ya akili unayoweza kuiuliza ikakujibu kwa maneno. Umehifadhiwa mwendo, katika sehemu za ndani na za nyuma za ubongo zinazohifadhi pia namna ya kupanda baiskeli, na mwendo haufutwi kwa kuambiwa; hufutwa kwa mwendo mwingine uliorudiwa. Kwa hiyo ajifunzaye mpango mpya, au ajifunzaye kuandika bila ya kutazama vidole, sharti aende polepole kiasi cha kutokosea, kwa kuwa hata makosa yakirudiwa hujifunzwa. Dakika 15 au 20 kila siku zamtosha, kisha alale. Nasema alale kwa makusudi. Mwaka 2002 watafiti wa Harvard waliwafundisha watu kupiga mfuatano wa vitufe kwa vidole, wakaona kwamba baada ya usingizi wa usiku mmoja, pasi na mazoezi mengine, wepesi wao uliongezeka kwa asilimia 20 hivi, ilhali waliokaa macho muda kama huo hawakupata ongezeko hilo. Kijana anayekesha ili ajifunze upesi anaivunja kwa mkono mmoja nyumba anayoijenga kwa mwingine.

Macho hayana maneno mengi. Mtu akitazama kioo hupepesa kope mara chache kuliko anavyozungumza na mwenziwe, na machozi hukauka; na katika kiangazi chetu, tangu mwezi wa Mei hadi Septemba, upepo mkavu na vumbi jekundu huongeza ukavu huo mpaka jicho likachoma kama lenye mchanga. Kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali zaidi ya mita 6 kwa muda wa sekunde 20, na anayeliona dirishani lile bomba kuu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines hana haja ya kutafuta kingine. Dirisha liwe ubavuni pako, lisiwe mbele wala nyuma. Ukiendelea kuumwa kichwa, pimwa miwani.

Sasa nifikie umeme, maana saa za kuandika katika mji wetu aghalabu huchaguliwa nao. Sehemu ya nguvu yetu hutoka katika mito ya Lufira na Lualaba, na kituo cha umeme cha Mwadingusha kinafanya kazi tangu 1930. Nyingine husafiri kwa waya kilomita 1,700 hivi kutoka bwawa la Inga hadi Kolwezi, na njia ndefu namna hiyo wewe huwezi kuiamrisha, ila kazi yako unaweza. Mtazame mtu ambaye betri yake imefika asilimia 20 na délestage, yaani mgao wa umeme, haijaisha: mabega yamepanda, pumzi imekuwa fupi, vidole vinagonga, macho hayapepesi. Mafundisho yote niliyokwisha kuyaeleza huyavunja kwa dakika kumi, na akili yake nayo, ambayo yaweza kushika mambo machache tu kwa mara moja, manne hivi kama wasemavyo wataalamu wengi wa leo, imekwisha kutoa nafasi moja kwa hofu ya kupotelewa na kazi. Iondoe hofu hiyo kwanza. Bonyeza Ctrl na S kila mwisho wa aya, katika saa ile ile uinuapo mikono, mpaka iwe mwendo usioufikiri. Na kama kompyuta yako ni ya mezani, nunua onduleur, kile chombo kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika, kabla ya kununua mapambo yoyote, hata ikikupa dakika tano tu.

Kisha igawe kazi yenyewe. Umeme ukiwa haupo, chukua kalamu na karatasi, ukae barazani penye mwanga, upange hoja zako, ukate, uhamishe, ubishane nazo. Umeme ukirudi, uandike tu. Yule achanganyaye kufikiri na kuandika mbele ya kioo, huku simu ikilia na ujumbe ukiingia, hulipa ushuru kila mara akili yake inapovuka kutoka jambo hadi jambo, na ubongo wenyewe, ambao ni sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu zake. Simu iweke chumba kingine. Nimeona mara nyingi kwamba kazi iliyopangwa mchana kwa kalamu huandikwa usiku kwa saa mbili, nayo isiyopangwa humkeshesha mwenyewe mpaka alfajiri.

Yule msichana wa Kasapa hakupewa na mimi dawa yoyote. Tulikunja blanketi, tukakunja vile vijiguu vya kibodi, tukachukua matofali mawili yaliyokuwa yamezuia mlango, nikamwandikisha "watu wa Katuba" mara kumi kwa kifundo kinachoelea, naye akacheka kwa kuwa alijiona kwa macho yake mwenyewe kuwa mzito kama mtoto wa shule. Nilipopita tena baada ya wiki kadhaa kitambaa hakikuwapo, na mlango ulikuwa umezuiwa kwa jiwe.

Na umeme ukirudi saa tano usiku, kama urudivyo, usiamke kuumaliza wote. Jiwekee saa ya kukoma kabla hujagusa kitufe cha kwanza. Ikifika, usimalize hoja, iache katikati ungali unajua neno litakalofuata, uliandike neno hilo kwa kalamu juu ya kipande cha karatasi, ukiweke chini ya kibodi, uzime kioo, ukalale.